YAH: Maonyo ya makosa kwenye fomu zenu, na tiketi mliyoifunga

Ndugu Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima zote, tiketi yetu (taarifa ya kosa tuliyowaletea) imefungwa na kosa bado lipo. Fomu ya usajili ni ya Kiswahili mwanzo mwisho, lakini mtu akiacha sehemu tupu na kubonyeza Tuma, onyo linatokea kwa Kiingereza. Fundi wenu alijibu kwa sentensi moja: mtumiaji abadilishe lugha ya kivinjari chake. Akafunga tiketi.

Onyo hilo hutungwa na kivinjari chenyewe, kwa lugha yake; kuandika lang="sw" (alama ya kuwa lugha ni Kiswahili) kwenye ukurasa hakulibadilishi. Dawa mnaijua: ama mweke novalidate, sifa inayozima ukaguzi wa kivinjari, na kuonyesha maonyo yenu wenyewe, ama mtumie setCustomValidity(), amri ya kuweka ujumbe wenu badala ya ule wa kivinjari, kwa kila hali: valueMissing (sehemu tupu), typeMismatch (aina isiyofaa), tooShort (maandishi mafupi mno). Njia hii ya pili mliijaribu kwenye toleo lililotangulia, mkaacha kuurudisha ujumbe kuwa mtupu ('') mtu anapoandika upya. Sehemu iliyokwisha kujazwa sawasawa ikaendelea kuhesabiwa kosa, na fomu ikagoma kutumwa. Mstari mmoja tu wa kuufuta ujumbe, kwenye tukio la input (linalotokea kila mtu anapoandika), ungetosha. Nyinyi mkaing'oa kazi yote!

Maonyo ya seva nayo mnayaunga vipande: jina la sehemu, kisha "inahitajika". Ndiyo maana watu wanasoma "Jina inahitajika" na "Cheti inahitajika". Seva irudishe ufunguo wa kosa (jina fupi la kulitambulisha) tu, na kila sehemu iwe na sentensi yake kamili kwenye faili la tafsiri.

Turudi kwenye jibu lile. Anayejisajili kwa kompyuta ya ofisi, asiyeruhusiwa kugusa mipangilio yake, ndiye mnayemwambia abadilishe lugha ya kivinjari? Tiketi ilikuwa na picha za skrini, hatua za kulirudia kosa, hata mstari wa msimbo wenye hitilafu. Fundi hakujibu hata kimoja. Sentensi moja, kisha akafunga. Hiyo ni dharau, na tunailipia.

Tunaomba tiketi ifunguliwe leo na maonyo yote yarekebishwe, yakiwa yameunganishwa na sehemu zake kwa aria-describedby (sifa inayoiambatanisha sehemu na maelezo yake) ili visoma skrini, programu zinazowasomea wasioona, viyasome. Tunataka pia maelezo ya maandishi kuhusu jibu lile, na ada ya matengenezo ya kipindi chote hiki irudishwe. Toleo lijalo likitoka hivi hivi, hatutahuisha mkataba, na madai ya ada yatafuatiliwa na mwanasheria wetu.

Wenu,
Mteja