Vibanio sijavikaza

Moshi, Jumapili jioni

Kaka Hamadi,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, Mama Neema anakusalimu, na Neema anauliza lini tena bahari. Kimya changu nisamehe. Msimu wa kahawa huu, kila mwenye shamba analeta mashine yake ya kumenya siku ileile anayotaka kuitumia.

Mzigo uliompa kondakta ulifika. Ulilala chini ya gunia la dagaa tangu Tanga, kwa hiyo vibanio vyako vimekaa siku mbili nje ya mlango kwa amri ya mwenye nyumba.

Uliniandikia nikaze springi kwa sababu vinaachia ovyo: badala ya kushika mshipi kwenye waya wa daunriga, ule mtambo unaoshusha ndoana chini kwa chubwi zito, hadi samaki avute, vinauachia mapema. Sijakaza. Subiri kwanza, usitukane.

Nilibana kimoja kwenye jiliwa, nikakitega kwa kipande cha mshipi wa nailoni nilichobaki nacho toka safari ya Februari, nikauvuta kwa mizani ya kuning'iniza. Mara nne, mara nne zote kilichomoka kwenye kilo 2 hivi. Kisha nikajaribu huo mshipi wa kusuka uliofungia mzigo. Weee! Mara nusu kilo, mara kilo 1, mara unateleza polepole bila hata kuchomoka. Springi haina kosa. Mshipi wa kusuka ni mwembamba na una utelezi, na raba zako zimeshachimbwa mtaro: ukipitisha ukucha unazama. Raba nimebadilisha zote.

Sasa ningekaza, ungerudi kulekule kwa yule kolekole. Umemsahau? Tumezunguka naye karibu saa nzima, fimbo imepinda vilevile, wewe unamimina chai ya tangawizi na kusema leo bahari imelala. Tulipopandisha chubwi, mtoto wa watu ameshakufa, mdomo wazi, si mrefu kupita kiganja changu. Kibanio kilikuwa kigumu kuliko nguvu zake. Na muda wote huo ndoana ile haikuwa na kazi nyingine. Nguru angeipita hivihivi.

Fanya hivi. Chukua rababendi, ifunge kwenye mshipi kwa kitanzi, halafu bana hiyo rababendi, mshipi wenyewe usiguswe. Ukikosa, sokota mshipi mara tano sita upate kitanzi, ndicho ukibane. Ukiingiza ndani sana kwenye raba kinashika zaidi, ukiweka ukingoni kinaachia upesi. Kwa hiyo springi iache, cheza na kina cha kuingiza. Yule samaki bandia wa mdomo mpana anavuta maji mwenyewe, mshipi wake uingize ndani kuliko wa chambo cha kijiko. Na kabla ya kushusha, vuta kwa mkono pale ubavuni mwa boti. Mkono wako unajua.

Chubwi likishafika chini, zungusha rili hadi fimbo ipinde kichwa. Hilo Shukuru halipendi, anasema fimbo itavunjika. Haivunjiki. Kibanio kikiachia, fimbo inanyooka na kula ule ulegevu wa mshipi kabla samaki hajatema. Ukiiacha imesimama kama mlingoti, ndipo mnaposema nguru wa siku hizi wana akili.

Kitu kingine, mlipokuwa mnaachiwa ovyo, mlikuwa mnakata kona? Upande wa nje wa kona unakwenda kasi kuliko wa ndani, na mimi naona nusu ya kesi yako iko hapo. Nusu nyingine kwa aliyenunua mshipi, ambaye simtaji kwa kuwa ndiye anayekulipa.

Hivi ni yeye aliyeamua mtumie mshipi wa kusuka, au mlishauriana? Mnakwenda na chubwi la kilo ngapi sasa, lile lile la 4? Waya unalala nyuma sana mkiongeza mwendo? Maana kama unalala, mita mnazosoma kwenye daunriga ni za uongo, mko juu zaidi. Goti la Bi Mkubwa vipi? Na ile habari ya Shukuru na shemeji yake imeishia wapi, au niulize kwingine?

Vibanio vinapanda basi Jumatano, nimeviosha chumvi kwa maji baridi. Na wewe kila jioni vioshe, tafadhali. Malipo ni nguru mmoja kwenye barafu. Huku wanatulisha perege wa Nyumba ya Mungu mpaka tumeanza kufanana nao.

Wako,
Elisante