Emile Ford hakuwa Mjamaika, wala hakuwa mtu wa wimbo mmoja

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu enzi nauli ya kwenda Muheza inalipwa kwa sarafu, na sijawahi kukuandikia, hata mwaka ule mlipokosea tarehe ya Maulidi tukabishana mtaa mzima. Lakini ile makala yenu ya Jumapili kuhusu chimbuko la rock and roll ya Waingereza imenishinda kuimeza. Kurasa mbili nzima! Tommy Steele ana picha, Cliff Richard ana picha, Billy Fury ana picha mbili. Emile Ford kaambulia sentensi moja: Mjamaika aliyevuma kwa wimbo mmoja kisha akapotea.

Ford kazaliwa mji wa Castries, kisiwa cha Saint Lucia, huko Karibea, mwaka 1937. Kumwita Mjamaika ni sawa na kumwita Mpemba Mngazija kwa kuwa wote wametoka kisiwani. Na huo wimbo mmoja mnaousema, "What Do You Want to Make Those Eyes at Me For?", ni wimbo mkongwe wa mwaka 1916 ambao yeye na kundi lake, The Checkmates, waliutia mdundo wa kwao. Ukashika namba moja Uingereza Desemba 1959, ukavuka nao mwaka mpya, wiki sita juu, na santuri zaidi ya milioni zikauzwa. Mwanzoni haukuwa hata wimbo uliokusudiwa kupigwa. Ulikuwa upande wa pili wa santuri. Baada ya hapo mwaka 1960 akafika namba tatu kwa wimbo mwingine, na mwaka ulipokuwa unaisha akatoa mwingine tena uliofika namba nne. Mwandishi wenu amehesabu kwa vidole gani?

Hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa machozi ni kile ambacho hamkukigusa kabisa: yule kijana alikuwa fundi mitambo ya sauti. Mimi nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, harusi, mikutano ya hadhara, taarabu, na ninajua ninachosema. Emile Ford alisomea mambo ya sauti London, chuo cha ufundi cha Paddington, kabla watu hawajamjua kwa kuimba. Siku zile mwimbaji alikuwa anaingia studio, anaonyeshwa pa kusimama, anaimba, anakwenda zake. Vitufe vya mashine vinashikwa na watu wa kampuni. Yeye alikataa. Alitaka asimamie mwenyewe kurekodiwa kwa nyimbo zake. Kampuni ya santuri ya EMI hawakukubali, akawaacha, akaenda kampuni nyingine, Pye, waliokubali. Fikiria, Mhariri, kijana mweusi wa miaka ishirini na ushei, ndani ya London ya mwaka 1959! Mei ya mwaka ule ule, seremala Kelso Cochrane, mtu wa Antigua, alichomwa kisu barabarani Notting Hill na kundi la vijana weupe, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Notting Hill na Paddington ni jirani. Katika mji huo Ford alisimama na kundi lenye weusi na weupe pamoja, akawaambia wenye studio kwamba sauti yake anaijua kuliko wao. Na mwaka 1960 alikuwa tayari anapanda jukwaani na mfumo wake wa kuimba juu ya muziki uliorekodiwa kabla. Leo kila harusi hapa Tanga mwimbaji anakuja na flashi mfukoni, anamkabidhi fundi, anaimba. Kuna mtu alilifikiria jambo hilo zamani, na mtu huyo nyinyi mmempa sentensi moja, na hiyo yenyewe ya uongo.

Uchungu wangu una historia. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, na santuri hiyo ya Ford aliinunua London Januari 1960. Jina lake kaliandika kwenye bahasha yake kwa wino wa kijani, na tarehe. Nilipokuwa mdogo hatukuruhusiwa kuigusa ila kwa kingo, kwa viganja viwili, kama unavyoshika sahani ya mchuzi iliyojaa. Miaka michache nyuma niliipeleka kwenye kituo kimoja cha redio, wana kipindi cha muziki wa zamani, nikiwaomba wapige upande mmoja tu, siku ya kumbukumbu ya kifo cha mzee. Mtangazaji, kijana wa rika la mjukuu wangu, akaichomoa kwa vidole vitatu katikati ya mistari, akaigeuza, akaniuliza, "Babu, huyu ni Mmarekani, siyo?" Nikamweleza. Nikamweleza kwa utaratibu, Castries, Saint Lucia, nikamwandikia kwenye karatasi. Siku yenyewe nimekaa na dada zangu, redio iko juu ya meza, tunasubiri. Saa moja nzima. Mwisho wa kipindi akasema walikuwa wapige wimbo wa Mjamaika mmoja lakini muda umewatupa mkono. Nilipokwenda kuichukua nilikuta imewekewa kikombe cha chai juu, alama ya duara imebaki, na mchubuko kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Sasa sindano ikifika pale inaruka mara mbili, kila mzunguko. Dada yangu mkubwa alilia.

Na kwa nini kijana yule ajue namna ya kushika santuri? Nendeni mkaone maduka ya vinyago vya watalii. Santuri zinalowekwa kwenye maji ya moto zikilegea zinakunjwa kuwa bakuli, nyingine zinatobolewa zinafanywa saa za ukutani. Mwaka jana nimeshika bakuli moja nikasoma karatasi ya katikati: Cuban Marimba, Morogoro. Sauti ya Salum Abdallah, mwimbaji wa bendi hiyo, aliyefariki mwaka 1965 na hatarekodi tena, imekunjwa iwekwe funguo za gari! Nililinunua lile bakuli. Halipigiki, lakini silirudishi.

Na wala Ford hakupotea. Mwaka 1969 alifungua studio Barbados kwa msaada wa baba yake, akahamia Sweden, akaendelea na mitambo yake, na alifia London Aprili 2016.

Ninachotaka ni hiki. Tarehe 16 Oktoba ni siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo mchapishe sahihisho, si kule chini penye matangazo ya viwanja, bali ukurasa ule ule wa burudani, herufi za ukubwa ule ule, neno Castries likiwa limeandikwa sawasawa, na neno fundi lije kabla ya neno mwimbaji. Na mwandishi wenu aje Tanga. Siku yoyote baada ya Alasiri, umeme ukiwepo, nitamfungulia kabati, nitamwonyesha namna viganja vinavyowekwa, na nitampigia pande zote mbili, mchubuko na yote.

Fundi mitambo mstaafu,
Ngamiani, Tanga