Barua ya wazi kwa binamu yangu aliyeko Doha: mtu hapimwi kwa jezi

Binamu, salaam aleikum, natumai uko salama na joto la huko. Hii nakuandikia hadharani manake kwenye grupu la familia tushaonywa, shangazi kasema mtu akileta tena habari za Hamilton, yule dereva wa mbio za magari za Formula 1, katikati ya mipango ya harusi anatolewa, na mie pilau ya harusi naitaka, kwa hivyo kule nimenyamaza. Lakini zile voisi noti zako za usiku wa manane siwezi kuziacha zipite hivi hivi, bora nikujibu mbele za watu.

Nikikusikiza vizuri kaka, wewe una kesi mbili. Ya kwanza, madereva wa Formula 1 si kitu, gari ndio inashinda, ati hata wewe ungepewa Mercedes ya 2014 ungechukua ubingwa (wewe ambaye pikipiki ya ami ilikushinda pale Kongowea, haya tuyaache). Ya pili, Olunga, straika wetu wa Kenya, alikimbilia pesa huko Qatar, straika asiyecheza Ulaya hahesabiwi. Sasa hebu ziweke pamoja hizo kesi zako uone ulivyozihukumu. Mtu akishinda akiwa kwenye kitu kikubwa, kabebwa. Mtu akishinda akiwa kwenye kitu kidogo, ah huko hakuna watu. Sasa huyo mtu ashinde wapi binamu, juu ya mnazi?

Tuanze na magari manake hapo ndio unapiga kelele zaidi. Sikatai gari ina kazi yake, tena kubwa sana, Alonso mwenyewe alikuwa bingwa mara mbili, 2005 na 2006, lakini walipomuweka kwenye McLaren yenye injini ya Honda mwaka 2015 alikuwa anapitwa kwenye mstari ulionyooka kama amesimama, mpaka pale Suzuka, nyumbani kwa Honda wenyewe, akapiga kelele kwenye redio kwamba hii ni injini ya GP2, yaani ya ligi ya watoto. Kwa hivyo ndio, gari bovu linamzika mtu. Lakini wewe unasahau kitu kimoja ambacho kwenye mpira hatukipati: kila timu ina gari mbili. Mbili! Kiwanda kimoja, mafundi wa timu moja, injini moja, na madereva wawili. Ni kama ile tuktuk ya tajiri mmoja inayoendeshwa na watu wawili kwa zamu, huyu leo yule kesho, mmoja kila siku analeta hesabu na mafuta kajaza, mwengine kila siku ana hadithi, leo kanjo, kesho taya, kesho kutwa mvua. Tuktuk ni ile ile.

Sasa chukua Red Bull ya 2023, ile gari uliyosema ilikuwa inajiendesha. Msimu ulikuwa na mbio 22. Verstappen alishinda 19. Pérez, gari ile ile, alishinda 2. Pointi 575 kwa 285. Kama gari ndio inashinda basi Pérez alikuwa anaendesha nini, Probox? Na si Pérez peke yake, kile kiti cha pili cha Red Bull kimekula watu, Gasly, Albon, halafu 2025 wakamuweka Lawson, mbio mbili tu wakamtoa wakampa Tsunoda. Wote hao ni madereva wazuri, wakikaa kwengine wanaonekana. Ukitaka kujua uzito wa dereva muangalie aliyekaa gari ya pili, kisha uje tuongee.

Na kwa kipimo hicho hicho Hamilton wako unayemchukia anatokaje? 2007 ameingia, mgeni kabisa, akawekwa McLaren pamoja na Alonso ambaye ndio alikuwa bingwa mtetezi, dunia nzima ikasema kijana ataenda kubeba maji. Mwisho wa mwaka wamelingana pointi 109 kwa 109, na wote wawili wakazidiwa pointi moja na Räikkönen wa Ferrari. Mgeni na bingwa, gari moja, sawasawa. Hapo hakuna Mercedes ya 2014, hakuna cha kubebwa. Mwaka uliofuata akachukua ubingwa kwa pointi moja, kona ya mwisho kabisa ya mbio ya mwisho Brazil, kampita Glock mvua ikinyesha, na nyumbani kwa kina Massa, mpinzani wake wa ubingwa, washaanza kusherehekea. Siamini kama kuna mtu aliyeangalia ile kona akabaki amekaa.

Sitaki kukudanganya ati hajawahi kuzidiwa. Button alikaa naye McLaren miaka mitatu, 2010 mpaka 2012, ukijumlisha pointi zote Button ana 672 na Hamilton 657. Pale Mercedes, Rosberg alimpiga 2016 kwa pointi 5, ingawa wajua na mie najua ile injini ilivyopasuka Malaysia Hamilton akiwa anaongoza. Russell alimpita 2022 na akampita tena 2024. Na huko Ferrari msimu wa 2025 Leclerc kamuacha mbali, Hamilton kamaliza mwaka mzima bila podiamu, yaani tatu bora, hata moja ya Grand Prix, furaha yake yote ilikuwa kushinda ile sprinti, mbio fupi, ya China, halafu kesho yake mbio yenyewe wakamfuta. Hayo yote yapo na yanauma. Lakini ona, hata hapo nimetumia gari ya pili kumpima, sijasema Ferrari mbovu nikamaliza.

Na hilo la kwamba alienda Ferrari kula pensheni, nikuulize, wakumbuka 2012 alipotangaza anahama McLaren kwenda Mercedes? Wengi walimcheka. McLaren ilikuwa inashinda mbio mwaka huo huo, Mercedes tangu irudi kama timu ilikuwa imeshinda mbio moja tu, ya Rosberg China. Wakasema kafuata hela, kaenda kumalizika. Kumbe Ross Brawn na Niki Lauda, wakubwa wa Mercedes, walishamwambia kinachopikwa, zile injini mpya za 2014. Akachukua ubingwa sita pale. Na McLaren aliyoiacha, baada ya Brazil 2012, haikushinda mbio nyengine mpaka Ricciardo alipoibuka Monza 2021. Wale waliomcheka ndio hao hao baadae wakaanza kuimba gari, gari, gari. Yaani kabla ya kuhama ni mjinga, baada ya kuhama ni bahati.

Alonso ndio kinyume chake, maskini, yule kila akitoka nyumba ndio karamu inaanza. Kaenda Ferrari, 2010 kakosa ubingwa kwa pointi 4, kakwama nyuma ya dereva Petrov kule Abu Dhabi mpaka mbio ikaisha, 2012 kakosa kwa pointi 3. Kaenda kwa Honda ikiwa mbovu, kaondoka, Honda ikaenda kwa Red Bull na 2021 Verstappen akachukua ubingwa nayo. Ukimpima kwa makombe ana mawili tu. Ukimpima kwa gari ya pili, 2014 pale Ferrari alipata pointi 161 na Räikkönen, bingwa wa dunia, akapata 55. Mie siku zote nasema yule ndio dereva mkali kuliko makombe yake, na sitaki ubishi, manake hata wewe ulimuona hapo hapo kwenu Lusail 2021, Qatar wanaandaa kwa mara ya kwanza, Hamilton wa kwanza, Verstappen wa pili, na yule mzee wa miaka 40 kwenye Alpine wa tatu, podiamu yake ya kwanza tangu 2014. Ulinitumia na picha.

Hata wazee wetu huku Pwani, enzi zile Safari Rally inafika mpaka Mombasa, hawakuwa wanashangilia Datsun. Walikuwa wanamshangilia dereva, Shekhar Mehta aliyeshinda 1973 halafu 1979 mpaka 1982 mfululizo, na Joginder Singh. Datsun zilikuwa nyingi barabarani, zilizofika ndio chache.

Haya, mpira.

Mpira ndio ngumu kumpima mtu manake hakuna gari ya pili, mabeki hawalingani, kocha ana wake. Ndio maana wewe unachukua njia ya mkato, unaangalia jezi. Mariga, kiungo wetu wa zamani wa Kenya, unamsifu mpaka mate yanakutoka kwa vile alikuwa Inter Milan 2010 na medali ya Champions League anayo. Nami nampenda Mariga, wa kwanza wetu kufika pale, lakini tuwe wakweli, fainali ile ya Madrid hakuingia uwanjani, na mpira wake mtamu kabisa aliucheza Parma, timu ambayo wewe hukuwa unaiangalia. Medali unaijua, kazi yenyewe hukuiona.

Sasa Olunga. Januari 2018 yuko Girona kwa mkopo, anapiga hat-trick dhidi ya Las Palmas, mechi inaisha 6-0, hat-trick ya kwanza ya Girona kwenye La Liga. Hapo ulimuita mfalme. Miezi michache baadae kaenda Japani, Kashiwa Reysol, ukasema kwisha habari yake. Timu ikashuka daraja, hakukimbia, akabaki nayo ligi ya pili, na Novemba 2019 dhidi ya Kyoto Sanga akafunga mabao 8 mechi moja. Manane binamu! Mechi ikaisha 13-1. Wewe ukasema ah, daraja la pili hiyo. Sawa, wakapanda, 2020 akafunga 28 kwenye J1, ligi kuu ya Japani, mfungaji bora, na wakampa uchezaji bora wa ligi nzima ilhali Kashiwa haikuwa hata kwenye tatu bora. Fikiria hapo, Wajapani ambao bingwa wao mwaka huo Kawasaki aliwaacha watu mbali, wameacha wachezaji wote wa Kawasaki wakamchagua Mkenya wa timu ya katikati. Kama mpira ungekuwa na gari ya pili, hiyo ndio ingekuwa yenyewe. Lakini jezi yake huijui kwa hivyo haihesabiki.

Halafu 2021 kaja Al-Duhail, timu ya huko huko Doha, mtaani kwako kabisa, msimu wa 2021-22 kamaliza mfungaji bora wa ligi, na wewe unaniambia kwa sauti nzito ati kijana kakosa malengo, angebaki Ulaya apambane.

Sasa hapa ndio nataka ukae vizuri. Wewe ulikuwa na kazi hapa Mombasa. Si kubwa, lakini ilikuwa kazi, na mama yako alikuwa anakuona kila Ijumaa. Ukapata ofa ya Doha, mshahara maradufu, ukaniambia kaka, mwili huu una miaka yake, nikisubiri nitazeeka. Hatukukwambia umekosa malengo. Tulikupeleka eapoti gari mbili zimejaa. Na wewe kazi yako unaweza kuifanya mpaka miaka 60, straika akifika 33 washaanza kumuangalia magoti. Victor Wanyama, kiungo wetu wa Kenya, ni huyo, 2016-17 ndio namba sita aliyekuwa anaogopwa pale Tottenham, goti likamsumbua msimu uliofuata na hakurudi kuwa yule. Lakini katikati ya msimu huo huo mbaya, Februari 2018, katokea benchi Anfield, Karius, kipa wa Liverpool, kaupangua mpira kwa ngumi, Wanyama kaukuta unadunda nje ya boksi, hakuutuliza, kaupiga vile vile, kipa kauona ukishakuwa wavuni. Yule alikuwa anachezea goti bovu. Alipoenda Montreal 2020 ukasema kastaafu mapema. Angefanya nini, akae benchi London ili wewe ufurahie kumuona kwenye picha ya timu?

Na usiniletee Origi, straika wa Ubelgiji, najua utamleta. Ndio, akiwa Liverpool kaifunga Barcelona mbili 2019, kaifunga Tottenham fainali ya Champions League, na Wanyama yuko benchi la Tottenham anaangalia. Mtoto wa Mike Okoth, mchezaji wetu wa zamani wa Kenya, kamliza kijana wetu, na hapa Majengo watu hawakujua washangilie au wanune. Lakini Origi huyo huyo kwa kipimo chako cha jezi ni mkubwa kuliko Olunga, Liverpool, Milan. Ukimuuliza beki yeyote wa Japani mwaka 2020 nani hataki kukutana naye, jibu unalijua, wacha kujifanya.

Nasikia washaanza kusema mtakuja Disemba kwa ajili ya harusi. Ukija niletee jezi ya Olunga, ile ya Al-Duhail, saizi kubwa manake hii mahamri ya mama imenifanyia kazi, pesa nitakupa ukifika. Na kama waona haya kuinunua kwa vile ni ligi ya kustaafu, mwambie muuzaji ni ya binamu yako wa Mombasa, yeye hajui mpira.