KUH: Jedwali la mapokezi kutopangika ipasavyo katika programu yenu ya simu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninawaandikia kwa niaba ya ghala letu la samaki hapa Lamu, ambalo hulipia programu yenu kila mwezi ili kuweka hesabu ya samaki tunaopokea kutoka Shela, Matondoni na Kizingitini.

Ninapogusa kichwa cha safu ya uzito ili mizigo mikubwa ije juu, jedwali huanza na kilo 9, ikifuatiwa na 85, kisha 120. Ni dhahiri kwamba programu inazisoma namba kama maandishi, ikilinganisha tarakimu ya kwanza bila kutazama kiasi chenyewe. Tarehe nazo zina kasoro iyo hiyo: 02/11/2024 hutangulia 15/03/2024, hata mvuvi aliyekuja kudai salio lake la Machi akakaa kwenye benchi huku nikilitafuta jina lake mstari kwa mstari. Samaki aina ya Changu, jina lake likiandikwa kwa herufi ndogo, naye hutupwa chini ya Tewa.

Lililo zito zaidi ni kwamba jedwali hupakia mistari michache kwanza, na mingine huongezeka kadiri ninavyoteremka, lakini upangaji unahusu ile iliyokwisha kufika kwenye simu pekee, wala hakuna alama ya kunionya. Heri jedwali lisilopangika kabisa, maana hilo hakuna atakayelitegemea wakati wa kulipa watu.

Mhudumu wenu alinishauri niandike 009 badala ya 9. Ushauri huo siukubali, kwa kuwa stakabadhi anayopewa mvuvi lazima ifanane na mizani aliyoiona kwa macho yake.

Tunaomba uzito na bei vihifadhiwe kama namba, na alama za mkato ziongezwe wakati wa kuonyesha tu. Tarehe zihifadhiwe kwa kutanguliza mwaka, mwezi, kisha siku, kama kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kinavyoelekeza, hata kama kwenye kioo zitaonekana kwa desturi yetu. Upangaji ufanyike kwenye seva, yaani kompyuta yenu kuu inayohifadhi data, kwa kumbukumbu zote. Na mshale uonyeshe safu iliyopangwa na mwelekeo wake.

Iwapo hatutapata jibu la maandishi katika siku 14, tutaomba kurejeshewa ada ya mwezi huu pamoja na nakala ya kumbukumbu zetu zote katika faili linaloweza kufunguliwa nje ya programu yenu.

Wako mwaminifu,
Karani wa Mapokezi,
Lamu