Barua kwa dada yangu wa Mwanza: reli ya Dodoma si chuma cha babu

Dada, shikamoo.

Ile picha uliyoiweka kwenye kundi la ukoo, reli ya stesheni ya Dodoma na maneno "hiki ndicho chuma cha babu", imewafurahisha wengi. Shangazi ameshaituma mpaka Kondoa. Naomba tuitoe kabla haijawa historia.

Miaka inakataa. Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910. Kiwanda cha Tata kule India, ambako ukoo mzima tunakubaliana kwamba babu mzaa bibi alikuwa fundi, kilitoa chuma cha pua kwa mara ya kwanza Februari 1912. Reli yetu ilikuwa imeshatandikwa.

Ila hadithi yenyewe haikuokotwa njiani. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, kiwanda hicho kiliwapa Waingereza reli za kwenda Mesopotamia, Misri, Palestina na huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1919 mtawala wa India, Lord Chelmsford, alifika pale kutoa shukrani kwa ajili ya reli hizo, ndipo mji ukapewa jina la Jamshedpur, kwa heshima ya mwanzilishi, Jamsetji Tata. Kabla ya hapo uliitwa Sakchi. Hata stesheni ya pale, iliyokuwa Kalimati, ikageuzwa Tatanagar.

Sasa angalia: wewe na mjomba mnatafuta "Jamshedpur" kila mahali, na kile cheti cha kazi kwenye sanduku la mama mkubwa kimeandikwa Sakchi. Nimekisoma kwa macho yangu. Mchwa wa Dodoma hawana adabu, karatasi nzima wameiacha, wakatafuna penye mwaka tu. Watu huweza kung'ang'ania jina la zamani, kwa hiyo siapi, lakini naegemea kwamba babu aliondoka kule kabla ya 1919. Tuanzie Sakchi.

Upande wa huku nao una mlango. Waingereza waliiteka Dodoma Julai 1916, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Jeshi la Waingereza lilikuwa na vikosi vya reli kutoka India, na fundi chuma kama babu angepata nafasi humo, au kwenye kazi za reli zilizofuata. Jeshi lilichukua ng'ombe na nafaka, mvua nayo ikagoma, ikaja Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920.

Mama mkubwa yuko kwako mpaka mwisho wa mwezi. Usimwulize mwaka, atakutajia wowote ili mradi uridhike. Mwulize hivi: bibi yake wa Hombolo aliolewa na yule fundi kabla ya Mtunya, au baada? Na mahari ilitoka ng'ombe au fedha? Akijibu, mrekodi kwenye simu, usimkatize, kisha nitumie mimi kwanza kabla ya kundi.

Mdogo wako,
Dodoma