Mafuta ya safari ya Ziwa Turkana hayahesabiwi kwa kilomita

Swahibu yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Mie mzima, Nanyuki baridi ile ile. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili, nimefurahi sana kwamba mwishowe mnakuja huku juu, lakini nilipofika pale ulipoandika "tukijaza tangi Maralal tunafika Marsabit bila wasiwasi" moyo ukanishtuka, nikaona hili silisemi kwa simu, acha niliandike ulisome na kalamu mkononi.

Maralal, Baragoi, South Horr, Loiyangalani, North Horr, Kalacha, Maikona mpaka Marsabit ni kama kilomita 500 hivi. Wewe umegawa kwa kumi, kwa sababu Prado yako ukitoka Mombasa kwenda Nairobi inakupa kilomita kumi kwa lita, ukapata lita 50, tangi lako ni 87, basi ukaona zinabaki tele. Ndugu yangu, huko hakuna kumi. Huko gari linashinda kwenye gia za chini, AC inawaka, umebeba maji na mahema na watu watano, na kila mita mia unakanyaga breki uanze upya. Mie naweka sita, mchangani hata nne. Sasa gawa 500 kwa sita uone, lita 83 na ushee. Yaani unaingia Marsabit na lita tatu nne kwenye tangi, na hapo ni kama hukupotea njia hata mara moja.

Na hiyo bado si hesabu yenyewe. Hesabu ninayoitaka ni hii: ukifika mahali pabaya kabisa ukaambiwa mbele hakupitiki, una mafuta ya kurudi ulikojaza? Mahali pabaya kwenye njia hii ni North Horr, maana baada ya hapo kuna jangwa la Chalbi, na Chalbi ikinyeshewa inakuwa tope. Kutoka Maralal mpaka North Horr ni kama 320, kwenda na kurudi 640, gawa kwa sita ni lita 107. Kwa hivyo beba mitungi miwili ya lita 20, unakuwa na 127, na hapo ndipo utalala usingizi.

Mitungi iwe ya chuma, na usiiweke juu ya keria. Mtungi mmoja uliojaa dizeli ni kama kilo 20, miwili juu ya paa gari linaanza kuyumba kwenye mteremko wa mawe. Weka nyuma chini, funga na mikanda miwili, kila jioni shika kwa mkono uone kama imelegea. Kuna mwaka mkanda wangu ulikatika kwa mtikisiko kabla ya Baragoi nikagundua kwa harufu tu, unga wote umelowa dizeli, siku mbili tukala biskuti.

Loiyangalani mafuta hupatikana, ila mara nyingi ni ya pipa, na usafi ni bahati yako. Mwaka 2019 nilinunua lita 20 mji mmoja wa huko, siutaji, upepo ule unapiga mpaka faneli inaruka mkononi, nikamimina haraka haraka nikaondoka, baada ya kilomita kumi gari likakohoa likazima. Maji kwenye filta. Nikalala chini ya gari kwenye mawe ya moto kwa muda wa karibu saa mbili nikitoa maji kidogo kidogo na kupampu upya. Tangu siku ile natembea na chupa tupu ya maji ya kunywa, ile inayoonyesha ndani. Najaza dizeli kutoka kwa pipa, naiweka kivulini dakika kumi nikinywa chai. Kama kuna maji utayaona yamekaa chini peke yake, mstari kabisa, dizeli juu. Ukiona mstari usinunue, hata mwenye pipa akiapa. Kuchuja kwa leso kunatoa uchafu, maji yanapita nayo.

Sasa mwendo, na hapa ndipo umenitia hofu zaidi, umeandika siku mbili. Fanya nne. Maralal mpaka Baragoi ni kilomita mia tu ila hesabu saa nne, na kushuka kwenda Ziwa Turkana kabla ya Loiyangalani, kule kwenye mawe meusi ya volkeno, utakwenda kilomita 15 kwa saa na utashukuru. Ziwa litatokea mbele yako ghafla, kijani, watoto watapiga kelele, simamisha gari ndio mtazame, usitazame huku unaendesha kwa sababu yale mawe yana makali kama vioo na yanapasua tairi ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibiki. Beba spea mbili. Ukiacha lami punguza upepo wa matairi mpaka psi 26, mchangani psi 18, na usizidishe kilomita 40 kwa saa ukiwa na upepo mdogo. Kila saa moja shuka uguse matairi kwa kiganja, moja likiwa moto kuliko wenzake linavuja.

Anza saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi jioni uwe umeshapiga hema. Usiku usitembee kabisa, na hali ya usalama ulizia polisi wa Maralal na wa Baragoi siku ile ile, si habari za wiki jana. Mkichoka au gari likileta shida, msisukume mbele, rudini South Horr mtoke kwa ile barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, inakupeleka Laisamis kwenye lami.

Chalbi ikiwa kavu ni raha, uwanja mweupe mpaka macho yanauma. Lakini juu yaweza kuwa kavu na chini uji, kwa hivyo shuka utembee, piga kisigino, na kama hakuna alama mpya za lori usijaribu.

Halafu shemeji yako na ile gari yake ya petroli. Gari la pili nalitaka, sitaki muende peke yenu, ila akiishiwa hutaweza kumgawia, na petroli huko utaipata ya chupa za bodaboda. Aidha aje na mitungi yake mitatu, au muazime gari la dizeli.

Kabla ya yote nifanyie jambo moja. Jumamosi jaza Voi mpaka pampu ikate yenyewe, ingia Tsavo Mashariki na mizigo yote na watu wote, zunguka kutwa kwa mwendo wa kilomita 30 mpaka 40 kwa saa, rudi Voi pampu ile ile ujaze tena. Nitumie kilomita na lita. Hiyo sita yangu nitaibadilisha kwa namba ya gari lako, na kama itatoka tano, inshallah tutaongeza mtungi wa tatu.

Nasubiri.

Nduguyo wa Nanyuki