Shangazi, ile haikuwa chira

Shangazi,

Najua hupendi mambo ya nyumbani yaanikwe. Lakini simu zangu hupokei, na wanao husoma ninayoandika. Watakusomea.

Siku ile nyuma ya jiko umejifunga leso kiunoni, mdogo wangu ametoka kumzika mtoto wake wa kwanza, maziwa bado yanalowesha blauzi yake. Ukasema mbele ya wanawake wote: "Hii ni chira, ni laana. Kuna mwiko ameuvunja." Kisha ukaendelea kuchambua mboga ya osuga. Yeye akaisukuma sahani. Uliona.

Ni wewe uliyenibeba mgongoni usiku hadi zahanati malaria iliponishika utotoni. Unaijua malaria. Lakini daktari aliposema ilijificha kwenye kondo la nyuma, ulimwita mwongo, eti msichana hakuwa na homa na kipimo cha kidole hakikuonyesha kitu.

Naomba unisikilize. Kila seli ya mwili imevikwa minyororo ya sukari. Si sukari ya chai wala ya miwa ya Muhoroni. Mwili huiunda wenyewe, na kwayo seli hutambuana. Hata kundi la damu, A au B, ni tofauti ya sukari juu ya seli nyekundu. Kondo la nyuma lina mnyororo wake, kondroitini salfeti A. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba vimelea vya malaria hunata hapo hapo. Seli nyekundu yenye vimelea huchomoza protini, VAR2CSA, ikaukamata mnyororo huo na kubaki kwenye kondo badala ya kuzunguka na damu. Ndiyo maana kidole kinaweza kusema hakuna kitu. Aliyekulia Kisumu ana kinga fulani ya malaria tangu utotoni, ila si ya hii, maana hajawahi kuwa na kondo. Mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi; zinazofuata, mwili umeanza kujifunza. Watoto huzaliwa na uzito mdogo. Wengine hawaishi.

Mwiko gani hapo, Shangazi?

Sasa mdogo wangu ana mimba tena, na nasikia umemkataza vidonge vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Usimkatishe, tafadhali. Hupewa kliniki miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha tena na tena, angalau mwezi kati ya dozi na dozi. Na alale ndani ya neti, hata kiangazi.

Wanasema nilikuvunjia heshima kwa kuondoka kabla ya chakula. Sivyo. Ningebaki ningekujibu mbele ya wageni, na wewe ni dada ya baba yangu. Harusini kwa binti yako sikuja kwa sababu hiyo hiyo. Mchango nilituma, na wa kwanza kabisa; muulize mweka hazina.

Kliniki yake ni Jumanne. Mpeleke wewe, nauli natuma. Mkiwa kwenye benchi mwambie kwa kinywa chako kwamba hakuvunja mwiko wowote. Mimi nimemwambia mpaka nimechoka, anangoja kusikia kwako.